Dawa ya Tumbo la Mchinjaji

Mume wangu alikuwa na tumbo baya, na pale Majengo kila mtu alijua limetoka wapi: kwangu. Kwangu na githeri yangu. Majirani walisema mwanamume aliyelelewa kwa wali na mchuzi, ukimshindilia mahindi na maharagwe ya Wakikuyu kila jioni, unategemea nini? Walisema wakicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikereka sana. Mimi ni mtoto wa shamba, nilisilimu nilipoolewa, na kila kitu kilichoharibika nyumbani mwangu kilitafutiwa sababu huko nilikotoka.

Kazi yake ilikuwa kuchinja. Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, nyama yote ya mji wa Nyeri ilipita kwenye mikono ya Waislamu wachache. Ndivyo ilivyozoeleka tangu zamani: ng'ombe achinjwe na Mwislamu, ili kila mtu mjini anunue bila kuuliza. Mume wangu alirithi kisu cha baba yake. Akishaswali alfajiri anateremka machinjioni, ng'ombe analazwa, anaelekezwa kibla, bismillahi, basi. Hakuwa na elimu wala mali, ila mkono wake uliaminiwa. Kukiwa na harusi Karatina au khitima Kerugoya, wageni wakiuliza, "Nani kachinja?" na wakisikia ni yeye, wanavuta sahani karibu.

Sasa mtu kama huyo akapata tumbo la kujaa upepo. Akila kidogo linavimba, linakaza, ukiligonga kwa kidole linalia kama debe tupu. Akawa anacheua usiku kucha na asubuhi anashindwa kuinama. Kuinama ndiyo kazi yenyewe! Siku moja aliinama juu ya fahali, akabanwa, akashika nguzo kwanza apumue. Habari ilinifikia kabla yeye hajafika nyumbani. Mchinjaji akibanwa katikati ya kazi, kisu kikasita, ng'ombe wa mtu anageuka kibudu, na hakuna atakayemwita tena.

Tulihangaika. Hospitalini walimpa dawa nyeupe nzito kama chokaa, akamaliza chupa, tumbo likabaki vile vile. Majirani wakaleta tangawizi na habasoda. Mama yangu akatuma magome ya mti, nikayachemsha, yakamtoa machozi tu. Githeri niliacha kupika kabisa, hata mimi mwenyewe nikawa naiota.

Aliyetusaidia ni mtu ambaye singemfikiria. Kulikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka kwenye barabara kuu, mzee wa Kibaniani, ambaye hali nyama, hali samaki, hata yai hataki kuliona. Mkokoteni wa nyama ukipita barazani pake alikuwa akigeuza uso kabisa. Nilikuwa nimekwenda kununua bizari, akaniuliza, "Mama, bwana yako namna gani? Mimi naona yeye natembea pole pole, nashika tumbo."

Nikamwambia. Akaingia ndani akarudi na chupa ya rangi ya kahawia, ina karatasi yenye maandishi ya kwao. "Hii dawa ya zamani sana," akasema. "Baba ya baba yangu nakunywa. Iko mizizi, iko matunda ya miti, iko zabibu kavu. Kwisha kula, vijiko viwili, tia maji moto kidogo. Upepo yote nakwenda."

Na kweli ukaenda! Sitaki kueleza ulivyokwenda, kwa heshima ya marehemu, lakini ulikwenda. Baada ya wiki chache alikuwa anainama na kuinuka kama kijana. Alichukua vijiko viwili usiku na viwili alfajiri kabla ya kutoka, na chupa ikiisha nakimbilia dukani kuchukua nyingine. Nilimpenda yule Mbaniani kama baba mkwe. Wahindi wengine mjini walikuwa wanauza maduka na kuondoka kwenda Uingereza, nami nilikuwa nikiomba huyu asiondoke, au kama ni lazima aondoke, atuachie dawa.

Halafu siku moja ya jua kali, nilifungua chupa mpya iliyokuwa imekaa dirishani. Kizibo kikaruka kikagonga sufuria. Povu likapanda shingoni mwa chupa na harufu ikanijia usoni. Nikaisogeza chupa puani, nikainusa tena. Ile harufu naijua. Baba yangu alikuwa mzee wa kualikwa kwenye kila mahari, na kibuyu chake cha muratina, pombe ya kwetu, kilikaa karibu na moto kikichacha. Nimelala kando ya kibuyu kile utoto wangu wote. Watu wa Majengo waliozaliwa katika Uislamu wangeinusa dawa ile mwaka mzima wasitambue kitu, wangesema ni tamu, ni kali, ni ya Kihindi. Ilibidi niwe mimi, maskini mimi, pua ya mtoto wa mnywaji.

Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda dukani karibu nikimbie. "Mzee," nikamwambia, "niambie kweli. Hii ni pombe?"

Alishtuka. "Hapana, mama! Sisi hapana tia pombe ndani. Dawa nachemshwa, natiwa sukari nguru na maua, nafungwa ndani ya mtungi, nalala. Mwezi mzima nalala. Yeye mwenyewe ndani nafanya kazi, mwenyewe nakuwa kali. Bila hiyo hapana kuwa dawa."

Mwenyewe ndani nafanya kazi! Ndivyo na muratina inavyofanya. Mzee wa watu hakunidanganya hata kidogo, na alivyokuwa mkweli ndivyo nilivyozidi kuogopa. Njia nzima ya kurudi nilihesabu kichwani mwangu: nyama ya Idi, nyama ya Maulidi, nyama ya harusi ya jirani yetu, wote wamekula kilichochinjwa na mtu aliyetoka nyumbani na vijiko viwili mdomoni. Na nani alimletea? Yule Mkikuyu wake. Nilisikia kabisa sauti za wanawake wa bombani wakilisema hilo, na bado hakuna aliyejua kitu.

Kumficha sikuweza. Mume wangu alikuwa mtu wa kusoma uso wangu kabla sijavua viatu. Nikamwambia yote, akiwa ameketi na kijiko mkononi. Akakiweka chini.

"Una hakika?"

"Pua yangu haijawahi kunikosesha kwenye hilo."

Alikwenda nje akasukutua mdomo, akasukutua tena, nikadhani hatamaliza. Kisha akakifunga kisu chake kwa kitambaa akakiweka juu ya kabati. "Sichinji," akasema, "mpaka nijue nimekunywa nini." Wala hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu, maana kujibu naweza. Ule upole wake ndio ulionitia hofu zaidi.

Akaenda mwenyewe kwa Maalim wa msikiti, akaitoa habari yote hadharani. Hivyo ndivyo alivyokuwa, hana hila, na mke wa mtu asiye na hila hupata taabu sana. Kufikia jioni mji wote ulijua. Machinjioni wakamleta mtu kutoka Karatina ashike nafasi yake kwa muda. Bombani nikawekewa ndoo pembeni. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, asinitazame, "Kwani ile nyama ya Maulidi tulikula nini sisi?" Nikamwambia, "Ulikula nundu nzima na ukaomba mchuzi." Wakacheka, lakini niliondoka upesi, maji nikamwaga nusu njiani.

Maalim alikuja nyumbani na wazee wawili wa msikiti. Alikuwa mtu wa taratibu, hapendi kukata neno haraka. Akaeleza kwamba jina si hoja, na harufu si hoja. La kujulikana ni moja: je, mtu akiinywa kwa wingi, italevya? Ikiwa nyingi inalevya, basi hata tone lake halifai, na mchinjaji hawezi kuwa mtu wa kulewalewa machoni pa watu. Ikiwa hailevyi, ni dawa kama dawa nyingine, na anayesema zaidi ya hapo anasengenya.

"Na tutajuaje?" mzee mmoja akauliza. Mhindi tulishamwuliza, akasema tangu azaliwe hajaona mwendawazimu wa kunywa chupa nzima.

Ilibidi apatikane mtu ainywe. Mwislamu hawezi. Mkristo aliyeokoka hataki hata kuigusa. Mzee akamtaja mlevi mmoja wa sokoni, na Maalim, kwa shida ile yote, akacheka. "Huyo hata akinywa mafuta ya taa atasimama wima. Tunataka mtu ambaye pombe inamshika upesi."

Mdomo wangu ukasema, "Kaka yangu."

Nilijuta papo hapo. Kaka yangu ana kichwa chepesi, hilo ni kweli. Kwenye mahari pembe moja tu ya muratina inamtosha. Lakini hayumbi wala hapigi kelele kama watu wengine. Akilewa anakuwa mpole. Yeye, mtu mkali kama pilipili, anaanza kushika watu mikono, anaita kila mtu ndugu, anasamehe hadi waliomwibia mbuzi, kesho yake akiamka anawadai tena. Na jambo jingine ni kwamba kaka yangu hakuwa amemkubali mume wangu. Tangu niolewe na kubadili dini hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu. Akimtaja alisema "huyo Mswahili wako." Sasa nimeenda kuweka kisu cha mume wangu mkononi mwa mtu huyo! Akitaka tu kulegeza ulimi na kuyumba kidogo, mume wangu amekwisha.

Hata hivyo nilipanda basi nikaenda kumwomba. Nilimkuta anapalilia viazi. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, kwa Kikuyu chetu, na nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo umekuja kunitafutia pombe ili nilewe."

"Nimekuja unywe usilewe."

"Hiyo mtu huamua?"

"Wewe sema kweli tu," nikamwambia. "Ikikulevya sema imekulevya. Isipokulevya, sema."

"Ukweli ninao," akasema kwa ukali. "Huo hata bila kuombwa nasema." Akarudi kupalilia. Sikujua kama amekubali mpaka nilipomwona siku iliyofuata anaingia uani kwetu na kofia yake ya kanisani.

Walimkalisha kwenye kiti, Maalim na wazee mkekani, mimi mlangoni nikibana kanga. Mume wangu hakutaka kukaa, alisimama karibu na ukuta mikono nyuma. Kaka akaishika chupa, akainusa, akaniangalia kama mtu aliyekutana na jamaa asiyemtarajia. Akanywa. Akakunja uso, akapumua, akanywa tena mpaka ikaisha. Tukangoja.

Tukangoja, jamani! Mimi nilikuwa naangalia macho yake. Wazee walikuwa wanaangalia miguu. Kisha kaka yangu akainuka ghafla, kofia ikaanguka, akauliza kwa Kiswahili chake, "Choo iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba vijiko viwili tu vilimfanya mume wangu aende chooni alfajiri bila kuchelewa. Sasa chupa nzima! Alikaa humo, akatoka, akageuka njiani akarudi. Nani alimsaidia? Wazee walikuwa wanajikaza wasicheke, mimi nilikuwa naona aibu ya kumkaribia kaka yangu katika hali ile. Mume wangu ndiye aliyebeba maji. Alichota, akayapasha moto kidogo, akampelekea mlangoni, akasimama nje akimwuliza, "Uko sawa?" na ndani inajibu sauti ya kukasirika, "Niko sawa, wewe enda!" Haendi. Anakwenda kuchota mengine. Mchana mzima ulipita hivyo, yeye na tumbo lake ambalo lilikwishaanza kuvimba tena tangu aache dawa.

Kaka alipotulia walimpima. Akatembea juu ya ukingo wa mtaro hakukanyaga nje. Maalim akampa sindano na uzi, akautia mara ya kwanza. Akataja vituo vya basi toka Nyeri hadi Karatina bila kuruka hata kimoja. "Umelewa?" Maalim akauliza. "Mimi sijalewa," akasema kaka. "Ati nilewe na hii? Hii imeniharisha tu, hakuna kingine."

"Basi," Maalim akasema. "Ni dawa. Na yeyote mwenye neno aje kwangu." Wazee wakashukuru. Nami nikashukuru nao.

Ndipo kaka yangu, akiokota kofia yake aondoke, akamgeukia mume wangu. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shemeji," akasema, polepole. "Pole na tumbo."

Shemeji! Miaka yote ile hajawahi kumwita hivyo. Na sauti ile ya upole, na mikono miwili, ndiyo ile ile niliyoiona kwenye kila mahari. Wengine walitabasamu, wakadhani ni wema. Mimi nilidhani nimemwona kaka yangu amelewa.

Walipoondoka wote mume wangu hakukishusha kisu kabatini. Alikuwa akinitazama. "Wewe ndiye unayemjua," akasema. "Maalim ameona miguu. Wewe umeona nini?"

Nikamwambia kilichoko, kwamba kaka akilewa huwa mpole, na leo amekuwa mpole, na sijui. Nilitaka sana kusema hakulewa. Lakini sikujua.

"Basi tutangoja," akasema.

Siku zile za kungoja zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo, maana sasa mji ulikuwa umemsafisha na yeye mwenyewe amekataa kusafika. Watu walikuja kumwuliza mbona harudi kazini, Maalim amekwishasema. Anajibu hajisikii vizuri. Na kweli hakujisikia vizuri, tumbo lilijaa, akawa analala ubavu mmoja hawezi kugeuka, na chupa nyingine ya dawa iko kabatini hataki kuiangalia. Yule mtu wa Karatina akaanza kuuliza nyumba za kupanga. Nilimpikia uji mwepesi, akanywa vijiko viwili akarudisha kikombe. Sikuwa nalala. Nilikuwa nafikiria kwenda shamba kumwuliza kaka, kisha naogopa jibu, navua viatu.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, watu hata hawajafungua madirisha, nikasikia hodi. Nafungua, namkuta kaka yangu na gunia la viazi begani, amelowa umande hadi magotini.

"Shemeji ameamkaje?" akasema.

Nilimsogelea nikamnusa mdomo. Haki ya Mungu nilimnusa, kama askari wa barabarani. Hakuwa na harufu ila ya chai na viazi vitamu.

"Una wazimu?" akanikaripia, akarudi nyuma. Ukali wake wote ulikuwepo. "Mbona unaninusa?"

"Umemwita nani?"

"Nimemwita shemeji. Wataka nimwite nani?" Akaliteremsha gunia kwa kishindo, akawa anafuta shingo, hanitazami. "Mtu amenibebea maji ya choo siku nzima mbele za watu. Na mimi ndiye nimekuja kumhukumu. Mtu kama huyo utamwita vipi?"

Nililia pale mlangoni bila kujificha, naye akasimama tu kando ya gunia lake, hajui afanye nini na mimi. Ndani nikasikia kitanda kikilia, mume wangu anajaribu kugeuka aone ni nani.

"Baba watoto," nikaita, "amka. Hakulewa siku ile. Amka ukachinje."